German Shepherd au Rottweiler? Mwongozo kamili wa kumchagua mbwa mkubwa wa nyumbani

Watu wanaotaka mbwa mkubwa huniuliza swali lilelile: kati ya German Shepherd na Rottweiler, yupi mkali zaidi? Nami huwauliza langu: siku ya kazi, alfajiri, mvua inanyesha, ni nani hapo kwako atakayeshika kamba ya huyo mbwa? Wengi hunyamaza kidogo, kisha mazungumzo ya kweli huanza. Ukali wote wawili wanao wa kutosha kumsimamisha mgeni getini. Wanapotofautiana ni kwenye uzito, kwenye namna ya kuwapenda watu wao, kwenye maradhi, na kwenye yale wanayoyafanya wakikosa kazi. Nimefuga wote wawili, mmoja nikamzika mapema kuliko nilivyotarajia. Haya hapa ndiyo ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijamleta wa kwanza.

Hatua ya 1: Anza na mkono ulio dhaifu kuliko yote

Chukua karatasi, andika majina ya wote wanaolala nyumbani mwako. Mbele ya kila jina andika mambo mawili: mtu huyo huwa nyumbani saa ngapi hadi saa ngapi, na kama anaweza kumzuia mbwa aliyeona paka akikatiza mbele yake.

Mara nyingi anayemtaka mbwa ndiye mwenye nguvu, na ndiye anayetoka asubuhi na kurudi jioni. Mbwa hubaki na wengine. Kwa hiyo mchague ukimfikiria yule mwenye mkono dhaifu kuliko wote ambaye kuna siku atabaki naye peke yake: mama mzee, binti wa miaka 14, au msaidizi wa nyumbani anayeogopa mbwa lakini hajawahi kukuambia. Muulize. Akikwambia anaogopa, usimcheke, kwa sababu mbwa atalijua hilo kabla yako.

Sasa tazama namba. Kwa viwango vya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, German Shepherd dume ana kimo cha sentimita 60 hadi 65 begani na uzito wa kilo 30 hadi 40. Jike sentimita 55 hadi 60 na kilo 22 hadi 32. Rottweiler dume ni sentimita 61 hadi 68, kilo 50 hivi. Jike ni sentimita 56 hadi 63, kilo 42 hivi. Kwa kimo wanakaribiana, ndiyo maana picha hudanganya. Kwa uzito, Rottweiler jike humzidi German Shepherd dume, na Rottweiler dume anaweza kumfikia German Shepherd jike mara mbili. Tena uzito wa Rottweiler umejaa kifuani na shingoni, na nguvu zake hutoka chini kama za ng'ombe wa kukokota. Akiamua kwenda, mtu wa kilo 50 huenda naye.

Kuhusu saa nitasema wazi: kama nyumba huwa tupu tangu asubuhi hadi giza liingie, siku tano kwa wiki, usimchukue yeyote kati ya hawa wawili. Mbwa mkubwa anayefungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku ili "alinde" hujifunza jambo moja tu, kwamba kila kinachosogea ni adui. Hali kama hiyo ndiyo inayotangulia visa vingi vya watoto kuumwa na mbwa wa nyumbani kwao.

Hatua ya 2: Jua kila mmoja alizalishwa kwa kazi gani

Hapa ndipo watu hupita haraka, na mimi nakuomba ukae. Karibu kila tabia utakayoilalamikia baadaye ni kazi ya zamani inayotafuta pa kutokea.

German Shepherd ni mbwa wa kondoo wa Ujerumani. Mwaka 1899 afisa wa jeshi, Max von Stephanitz, alimwona mbwa kwenye maonyesho ya Karlsruhe, akamnunua, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, na mwaka huohuo kikaundwa chama cha mbwa hao. Kazi yao malishoni haikuwa tu kuwafukuza kondoo huku na kule. Kondoo walilishwa kwenye ukanda wa majani uliopakana na mashamba yasiyo na ua, na mbwa ndiye aliyekuwa ua: alitembea mpakani kutwa nzima, akienda na kurudi, akimrudisha kondoo aliyevuka mstari. Sasa mfikirie mbwa huyo kwenye uwanja wako. Wangu, ndani ya miezi mitatu, alichimba njia kwa miguu kandokando ya ukuta, nyembamba kama njia ya mchwa, nyasi zimekufa kabisa, na kila kona ameikata palepale. Hakuwa na wazimu. Alikuwa kazini bila kondoo. Nilipoanza kumpa kazi ya kutafuta vitu nilivyovificha, dakika 20 asubuhi na 20 jioni, nyasi zikaota tena.

Rottweiler amepewa jina la mji wa Rottweil, kusini magharibi mwa Ujerumani, na aliitwa mbwa wa wachinjaji. Aliswaga ng'ombe kwenda sokoni na kukokota mikokoteni ya nyama. Reli ilipoanza kubeba mifugo kazi ikaisha, na mbwa hawa walikaribia kutoweka, hadi mwaka 1910 walipokubaliwa rasmi kuwa mbwa wa polisi. Anayeswaga ng'ombe hashindi akikimbia mpakani. Husimama, hutazama, kisha husukuma kwa mwili. Ndiyo maana Rottweiler atakuja kukuegemea mguuni kwa uzito wake wote, utulivu kabisa, mpaka usogee. Kwake hayo ni mapenzi. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni kuanguka chali.

Hatua ya 3: Waone ndani ya nyumba, siyo getini

German Shepherd husikia kila kitu na hukuarifu. Mlango wa jirani, pikipiki, kijana anayepita akiimba: kwa kila kimoja utapewa taarifa. Kama mnaishi ukuta kwa ukuta na watu wengine, au kuna mtoto mchanga anayelala mchana, liweke hilo kwenye mizani. Hujifunza upesi mno, mazuri na mabaya. Akiona mara mbili kwamba kubweka kumemwondoa mtu wa kuleta mizigo, amehitimu somo hilo, ingawa mtu huyo alikuwa anaondoka tu. Huwafuata watu wake chumba hadi chumba na huumia wakitoweka. Aliyezoea mtu mmoja anaweza kutafuna mlango mtu huyo akisafiri. Watoto wanaokimbia humwamsha yule mbwa wa malishoni, atawazunguka na pengine kuwadona visigino.

Rottweiler hubweka kidogo zaidi. Hutazama kwanza. Wageni wengi humwogopa kwa huo ukimya wake. Ana ukaidi wa kupima: ukimwambia kaa, huangalia kama unamaanisha, na akigundua kwamba baba akisema lazima lakini watoto wakisema si lazima, ataishi kwa kanuni hiyo miaka yote. Nyumba isiyoweza kukubaliana sheria moja, kwa mfano kama mbwa anapanda kochi au hapandi, itapata taabu naye kuliko na mwenzake. Na madume wawili wazima chini ya paa moja ni hatari ninayokushauri uikwepe, awe wa aina hii au ile.

Kuna jambo moja dogo la Rottweiler ambalo kila mwanafamilia na kila mgeni wa mara kwa mara lazima alijue. Wengi wao huunguruma kwa raha. Ukimkuna kifua hutoa sauti nzito ya kooni kama injini ya mbali, mwili umelegea, mdomo wazi, macho yamelainika. Mngurumo wa onyo unafanana kwa sauti, lakini mwili hukakamaa, mdomo hufungwa, macho hukodoka na kuganda. Wafundishe watoto kuusoma mwili, wasisikilize sauti peke yake. Wala usimwadhibu mbwa wa aina yoyote kwa kuunguruma. Ukimpiga kwa sababu ya onyo, atakachoacha ni kuonya, na siku moja atauma bila taarifa.

Mtoto mdogo haachwi peke yake na mbwa mkubwa, hata dakika moja ya kupokea simu. Hilo halina aina ya mbwa.

Hatua ya 4: Manyoya, joto na chakula

German Shepherd ana manyoya tabaka mbili na huyamwaga mwaka mzima, na zaidi sana mara mbili kwa mwaka. Utayakuta kwenye nguo, kwenye zulia, kwenye kikombe. Msugue kwa brashi mara mbili au tatu kwa wiki, na kila siku katika majira ya kumwaga. Usimnyoe kwa kisingizio cha joto. Tabaka hizo humkinga na jua pia. Rottweiler ana manyoya mafupi, brashi mara moja kwa wiki inatosha, lakini ni mweusi na mwenye mwili mzito, kwa hiyo joto humzidi haraka. Wote watembezwe asubuhi mapema na jioni, na uweke kiganja chako kwenye lami kwanza: kama huwezi kukiacha hapo sekunde saba, miguu yake haiwezi pia.

Chakula hufuata uzito, na miaka ya kulisha ni mingi. Piga hesabu ya mbwa mzima, usipige ya yule mdogo anayetosha kwenye kikapu.

Hatua ya 5: Magonjwa, na miaka utakayokuwa naye

Rottweiler kwa kawaida huishi miaka 8 hadi 10. German Shepherd huishi zaidi kidogo, wengi miaka 9 hadi 13. Kama una watoto wadogo, tofauti hiyo ina maana ya umri watakaokuwa nao siku ya kumzika.

Wote wawili huathirika na hitilafu ya nyonga na ya viwiko, ambapo viungo havikai sawasawa na hatimaye huleta maumivu ya yabisi. Hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na unene wa utotoni huizidisha. Wote wako hatarini pia kupata tumbo kujaa gesi na kujisokota, kwa sababu ya kifua kirefu. Dalili zake zikariri: tumbo limevimba nyuma ya mbavu na limekaza kama ngoma, mbwa anajaribu kutapika na hakitoki kitu, mate yanamtoka, hatulii mahali pamoja. Hapo usisubiri kupambazuke. Bila upasuaji, mbwa hufa ndani ya saa chache. Kumgawia chakula mara mbili au tatu kwa siku badala ya mlo mmoja mkubwa hupunguza hatari, na daktari wa mifugo anaweza kuushonea mfuko wa tumbo kwenye ukuta wa mwili usijisokote. Kwa kawaida hufanywa pamoja na upasuaji wa kufunga kizazi.

Rottweiler ana mzigo wake: saratani ya mifupa. Wangu alianza kuchechemea mguu wa mbele akiwa na miaka saba na nusu. Tulidhani amekanyaga vibaya. Baada ya wiki mbili nilipitisha vidole juu kidogo ya kifundo cha mguu, nikahisi uvimbe mgumu usiosogea, wa ukubwa wa nusu ya yai. Miezi minne baadaye tulimzika. Kwa hiyo Rottweiler mtu mzima akichechemea zaidi ya siku chache, piga picha ya eksirei, usiishie kwenye dawa ya maumivu. Hupata pia mlango mwembamba wa mshipa mkuu wa moyo, na kano za goti hukatika, hasa akinenepa. Akiwa mdogo ni miongoni mwa aina zinazoangushwa zaidi na parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, kwa hiyo usicheleweshe chanjo zake hata kwa wiki moja.

German Shepherd ana ugonjwa wa uti wa mgongo unaokuja uzeeni, mara nyingi baada ya miaka minane. Huanza kwa sauti: kucha za miguu ya nyuma zinakwaruza sakafu anapotembea. Hauleti maumivu, lakini miguu hulegea mwezi hadi mwezi. Kipimo cha vinasaba kipo, na wazazi wanaweza kupimwa kabla ya kuzalishwa. Kuna pia kongosho kushindwa kutoa vimeng'enya: kijana anayekula sana na bado mbavu zinahesabika, kinyesi kingi, cheupe, chenye mafuta. Hutibiwa kwa unga wa vimeng'enya kwenye kila mlo, maisha yote. Mwisho, baadhi yao wana badiliko la jeni ya MDR1 linalofanya dozi kubwa za ivermektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi, ziwe sumu kwenye ubongo. Kabla mtu hajamdunga sindano ya upele, mkumbushe hilo.

Kuhusu kuhasi na kufunga kizazi: kufanya hivyo kabla ya mwaka mmoja kumehusishwa na matatizo ya viungo kwa German Shepherd na ongezeko la saratani ya mifupa kwa Rottweiler. Zungumza na daktari kuhusu kusubiri mwili ukomae, lakini kama huwezi kumzuia jike wako asipandwe, basi usisubiri.

Hatua ya 6: Kagua sheria, kisha tafuta mbwa mwenyewe

Soma mkataba wa nyumba kama umepanga, na sheria za unapoishi. Ireland, kwa mfano, aina zote mbili lazima zifungwe mdomo na kushikwa kamba fupi hadharani. Ufaransa humtaka mwenye Rottweiler awe na kibali maalumu, na haimtaki mwenye German Shepherd. Mahali pengine hakuna sharti lolote. Ni vema ulijue hilo kabla watoto hawajampa jina.

Ukienda kwa mzalishaji, omba kumwona mama wa watoto. Anayekataa, ondoka. Tabia ya mama ndiyo kioo: akibweka kisha akatulia baada ya mwenyewe kukukaribisha, vema, akijificha akitetemeka au akikurukia kwa hasira isiyoisha, watoto wake wana urithi huo pamoja na malezi hayo. Omba picha za nyonga na viwiko za wazazi wote wawili pamoja na daraja walilopewa. Kwa FCI, nyonga hupangwa kuanzia A hadi E, na A ndiyo nzima. Kwa German Shepherd ongeza kipimo cha uti wa mgongo, kwa Rottweiler cha moyo.

Jihadhari na sifa za kupita kiasi. German Shepherd aliyeteremka sana mgongo, miguu ya nyuma imejikunja kama ya chura, hapendezi machoni pangu wala hatembei vizuri. Mtazame akitoka mbio, si akiwa amesimamishwa kwa picha. Rottweiler anayesifiwa kuwa na kilo 70 ni mnene, au amezalishwa kwa ukubwa bila kujali mifupa. Na mtoto asiondolewe kwa mama kabla ya wiki nane.

Fikiria pia mbwa mzima anayetafuta makazi mapya. Mwenye miaka mitatu ameshaonyesha alivyo: anavyovumilia paka, anavyokaa peke yake, anavyovuta kamba. Kwa nyumba yenye wazee, mimi huanzia hapo.

Hatua ya 7: Mwaka na nusu wa kwanza

Samaki mkunje angali mbichi. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 mtoto wa mbwa hujifunza nini cha kawaida duniani, na dirisha hilo halifunguki tena vilevile. Chanjo nazo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, kwa hiyo mambo haya mawili hugombana. Suluhisho ni kumbeba. Mpakate, mpeleke aone watu wenye kofia, wenye fimbo, watoto wanaolia, magari, bila miguu yake kugusa ardhi wanapopita mbwa usiowajua. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12, haina mjadala: karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa.

Mwache akue polepole. Usimwongezee kalisiamu kwenye chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, itaharibu mifupa badala ya kuijenga. Kila wiki pitisha vidole mbavuni: ziwe kama mgongo wa kiganja chako kilichonyooka. Zikiwa kama ngumi iliyofumbwa amekonda, zikiwa kama tumbo la kiganja amenenepa. Usimkimbize na baiskeli wala kumrukisha ngazini mpaka afike miezi 18.

Kamba mfundishe akiwa na kilo 10, akifundishwa na wote walioandikwa kwenye ile karatasi. Mkubwa akimaliza kumfundisha peke yake, mbwa amejifunza kumtii mkubwa, basi.

Hatua ya 8: Amua

Ningempeleka German Shepherd kwenye nyumba ambayo daima kuna mtu, anayependa kufundisha kila siku, isiyojali manyoya wala kelele, na ambayo watoto wameshapita umri wa kukimbia ovyo wakipiga mayowe. Kama mikono ni dhaifu, chukua jike. Rottweiler ningempeleka kwa watu watulivu, wenye msimamo mmoja, wenye mwili wa kumshika, na waliotayari kuachana naye mapema. Ukiwa na mtoto anayejifunza kutembea, subiri. Miaka miwili si mingi.

Bado huna uhakika? Tafuta wenye mbwa wazima wa aina hizi wakuruhusu kuwatembelea, mara mbili kila mmoja. Nenda na yule mwenye mkono dhaifu. Baada ya mbwa kumzoea, na mwenye mbwa akiwa pembeni, mpe kamba atembee naye dakika 15, nawe kaa nyuma bila kusema kitu. Tazama mabega yake kama yameshuka au yamepanda hadi masikioni. Kisha mkirudi nyumbani, mwache yeye ndiye aseme wa kwanza.